Gari la zamani kuwa zito kuvuta: pima taimingi kabla hujaigusa tena kabureta

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako la miaka ya 1960 linawaka bila shida, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia na halitoi moshi, lakini ukikanyaga mafuta linajikokota kama limepakia mawe, na kwamba kabureta imeshasafishwa mara mbili bila mabadiliko yoyote. Niliwahi kusumbuliwa na dalili hizohizo kwenye Morris Minor yenye injini ya cc 1098, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nafanya kama unavyofanya wewe: kuifungua kabureta kila mwisho wa juma kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Kabla hujashika spana, zima injini, mwombe mtu akae nyuma ya usukani na kukanyaga pedeli mpaka chini, nawe uchungulie kwenye mdomo wa kabureta kama kile kisahani cha kupitisha hewa kinafunguka chote. Changu hakikufunguka chote. Zulia jipya nililolitandika kwa fahari kubwa lilikuwa limejikunja chini ya pedeli, na nilipolikata nikarudishiwa sehemu ya nguvu za gari papo hapo. Sehemu tu, kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo, liendeshe gari na ulisikilize, kwa maana uzito wa kuvuta hauna sura moja. Likisita mara tu unapokanyaga kisha likachangamka, tatizo liko kwenye mafuta ya ziada yanayohitajika kwa muda ule mfupi. Kwa kabureta zenye pampu ya kuongeza mafuta, chunguza pampu hiyo, na kwa kabureta za chapa ya SU, ambazo hazina pampu, fungua kifuniko cha juu uone kama oili ya kutuliza pistoni bado imo. Likivuta vizuri mwanzoni kisha likaishiwa pumzi baada ya kupanda mlima kwa sekunde kadhaa, chemba ya floti, yaani kijitangi cha petroli cha kabureta, inakauka haraka kuliko inavyojazwa, hivyo fuata njia ya petroli kuanzia tangi, chujio, pampu, hadi sindano ya floti. Ukiwa na shaka kwamba mchanganyiko una petroli kidogo mno, vuta choki, ile inayozidisha petroli, kidogo gari likiwa mwendoni na injini imepata moto. Likichangamka, umepata jibu. Lakini likiwa zito tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye kila gia, bila kusita wala kukohoa, mimi nisingeigusa kabureta hata kidogo. Ningekwenda kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi na kupanga wakati wa kuruka kwake, yaani taimingi.

Sababu yake ni hii. Petroli haiungui yote kwa mpigo mmoja. Inahitaji milisekunde chache. Injini ikizunguka mara 1000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 60, ila kwenye mizunguko 4000 huchukua 15 tu, kwa hiyo cheche lazima iruke mapema zaidi kadiri kasi inavyopanda. Kazi hiyo hufanywa na vyuma viwili vizito vilivyo ndani ya distribyuta, chini ya bamba la platini (swichi ndogo inayosababisha cheche), ambavyo hutanuka kwa mzunguko na kurudishwa na springi mbili ndogo. Vikiganda, sailensa haitabadilika hata chembe, na ndiyo maana ugonjwa huu hudanganya watu wengi. Ila ukikanyaga, sehemu kubwa ya petroli inaungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, na nguvu iliyopaswa kuisukuma inaishia kupasha joto ekzosi.

Kupima ni rahisi. Chomoa kijibomba cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye distribyuta na uzibe upande wa kabureta, funga taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inaporuka, kwenye waya wa plagi namba 1, paka chokaa nyeupe alama ya taimingi kwenye puli ya injini, kisha pandisha mizunguko polepole. Kwenye Morris Minor alama hizo ziko chini, hivyo unalala sakafuni ukitazama juu, jambo linaloeleza kwa nini mafundi wengi huamua taimingi kwa masikio. Alama inapaswa kuhama, na kwa injini nyingi za enzi hizo hufikia karibu nyuzi 30 kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwenye mizunguko 3000 hivi, ingawa namba ya kufuata ni ile iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Yangu ilisimama palepale, kama imepigiliwa msumari.

Nilifungua kifuniko cha distribyuta, nikaizungusha rota, kile kipande cha juu kinachozunguka, kwa vidole kuelekea upande inakozungukia. Inapaswa kwenda kidogo na kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi, lakini yangu haikusogea. Chini ya bamba la platini nilikuta grisi ya miaka mingi iliyogeuka kuwa gundi ya kahawia, pamoja na kutu. Nilivisafisha vile vyuma kwa mafuta ya taa, nikaweka matone machache ya oili nyepesi. Usizivute springi hizo wala usizibadilishane nafasi, kwa sababu mara nyingi moja imeachwa legevu makusudi.

Ukiwa hapohapo, vuta kijibomba cha vakyumu kwa mdomo na uzibe ncha yake kwa ulimi. Utando wa ndani ukiwa mzima, ulimi unabaki umenatwa. Ukiwa umechanika, utavuta hewa isiyokwisha kama anayevuta mrija kwenye glasi tupu. Utando uliochanika unaongeza ulaji wa mafuta na uzembe ukikanyaga kidogo, ila hauelezi udhaifu wa pedeli iliyofika chini, maana hapo vakyumu karibu haipo. Pima pia mwanya wa platini, milimita 0.4 hivi kwa distribyuta nyingi za aina hiyo. Kisigino chake kikilika mwanya hupungua na taimingi huchelewa yenyewe.

Alama ikihama vizuri na uzito ukabaki, pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote, ukitazama zaidi tofauti kati yao kuliko namba yenyewe. Usisahau breki zinazoshika, ambazo utazijua kwa rimu moja kuwa ya moto kuliko nyingine, wala klachi inayoteleza, ambapo injini hupiga kelele na mwendo hauongezeki.

Ukishapima, andika hapa nyuzi ulizozipata kwenye sailensa na kwenye mizunguko 3000, kijibomba cha vakyumu kikiwa kimechomolewa, pamoja na aina ya distribyuta yako. Kabureta iache kama ilivyo mpaka hapo.