Siku tatu baada ya mkutano wa Málaga: nendeni Granada, na mlale huko

Ndugu uliyeuliza, umesema utakuwa Málaga, kusini mwa Uhispania, katikati ya mwezi wa Oktoba kwa ajili ya mkutano, kwamba utafuatana na mkeo, na kwamba mkutano ukiisha mtabakiwa na siku tatu ambazo hamjui kama mzigawe kati ya Sevilla, Córdoba na Granada au mzimalizie mahali pamoja. Waliotangulia kukujibu wamekushauri muizunguke miji yote mitatu. Mimi niliishi Granada nilipokuwa masomoni na nimerudi huko mara kadhaa tangu wakati huo, na ushauri wangu ni tofauti: nendeni Granada peke yake, mlale huko siku zote tatu, na ile miwili muiwekee safari nyingine. Kwa kuwa basi kutoka Málaga huchukua kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili, wageni wengi huenda asubuhi na kurudi jioni, wakaiona Alhambra, yaani ngome na makasri ya wafalme wa Kiislamu yaliyo juu ya kilima, kwa mbio katikati ya umati, wakaondoka kabla ya saa ambazo mji wenyewe ni mzuri kuliko wakati mwingine wowote, yaani jioni na alfajiri. Naona hiyo ni hasara kubwa, hasa kwa watu wanaotoka mbali kama ninyi.

Kabla hata ya kutafuta hoteli, kateni tiketi za Alhambra. Idadi ya wanaoingia kila siku ina kikomo, na makasri ya wafalme wa ukoo wa Banu Nasr, ambayo ndiyo kila mtu anayoyafuata, huingiwa kwa saa maalumu iliyoandikwa kwenye tiketi. Mwenye kuipitisha saa hiyo asitegemee kuruhusiwa. Tiketi huandikwa jina na namba ya pasipoti, na pasipoti hukaguliwa mlangoni, kwa hiyo msiiache chumbani. Nunueni kwenye tovuti rasmi ya Alhambra yenyewe, kwa sababu zipo tovuti nyingi za madalali zinazouza tiketi zilezile kwa bei ya juu zaidi. Mkikuta tiketi kamili zimekwisha, kuna tiketi ya bustani na ngome bila makasri, na kuna nyingine ya kuingia makasri usiku, nanyi mnaweza kuziunganisha hizo mbili na msikose kitu kikubwa. Zingatieni pia kwamba kuanzia tarehe 15 Oktoba ratiba hubadilika na kuwa ya majira ya baridi, na mahali pote hufungwa kwa wageni wa mchana saa kumi na mbili jioni badala ya saa mbili usiku.

Saa ninayoipendekeza kwa makasri ni ile ya kwanza kabisa, saa mbili na nusu asubuhi. Katikati ya Oktoba jua la huko huchomoza yapata saa mbili na robo, na hivyo mtaingia pamoja na mwanga wa kwanza, kabla ya makundi yenye waongozaji kujaa.

Hata hivyo, msiingie Alhambra siku ya kwanza. Siku hiyo itazameni kutoka nje. Mkishaweka mizigo, anzieni Plaza Nueva mfuate njia ya Carrera del Darro, ambayo inakwenda sambamba na mto mdogo wa Darro, huku kuta za Alhambra zikiwa juu ya kilima upande wa kulia. Njiani mtakuta hamamu ya kale iitwayo Bañuelo, ya karne ya 11, ambayo wengi huipita bila kuiona kwa sababu mlango wake ni wa kawaida kama wa nyumba. Ingieni. Mwanga unashuka kutoka kwenye matundu yenye umbo la nyota yaliyotobolewa kwenye dari za kuba, na nguzo zake zina vichwa vilivyochukuliwa kutoka majengo ya zama zilizotangulia, za Warumi na za Wavisigothi, kila kimoja na nakshi yake. Baada ya hapo pandeni taratibu kuingia mtaa wa Albaicín, ambao ndio mji wa kale wa Waislamu, wenye vichochoro vilivyotandikwa mawe ya mtoni, nyumba nyeupe zenye bustani ndani ya kuta, na matangi ya zamani ya maji ambayo kila mtaa mdogo ulikuwa na lake, karibu na msikiti wake. Alhambra iliandikishwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1984, na Albaicín ikaongezwa mwaka 1994, nami naona ni haki kabisa, maana kimoja hakieleweki bila kingine.

Lengo lenu jioni hiyo liwe uwanja wa San Nicolás, unaotazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde, na nyuma yake safu ya Sierra Nevada ambayo kilele chake kirefu, Mulhacén, kinakaribia mita 3,480. Hapo hujaa watu wakati wa machweo. Mimi napendelea bustani ya msikiti ulio jirani kabisa na uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2003, baada ya zaidi ya miaka 500 tangu mji utoke mikononi mwa Waislamu. Bustani hiyo huwa wazi kwa wageni wa dini zote kwa saa maalumu, mandhari ni ileile, na pana utulivu zaidi. Mbaki mpaka taa za kuta za Alhambra ziwashwe, kisha ndipo mshuke.

Sasa niseme juu ya Alhambra yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Ujenzi wake kama makao ya wafalme ulianzishwa na Muhammad wa Kwanza, Ibn al-Ahmar, mwaka 1238, na waliomfuata wakaendelea kuongeza mpaka mwaka 1492. Majengo mazuri kuliko yote ni ya karne ya 14: kasri la Comares, lililojengwa hasa na Yusuf wa Kwanza, na kasri la Simba, lililojengwa na mwanawe, Muhammad wa Tano. Katika ua wa Comares kuna bwawa refu lililozungukwa na vichaka vya mihadasi, na ukingo wa maji uko karibu sawasawa na sakafu ya marumaru. Simameni kwenye moja ya ncha zake muangalie kijibirika cha duara kinacholilisha bwawa hilo: maji yanatoka humo polepole kupitia kijia chembamba, yakipunguzwa nguvu kabla ya kufika bwawani, ili uso wa maji usitikisike, na mnara wa Comares, wenye urefu wa mita 45, uonekane mzima ndani yake. Watu wengi hupiga picha ya mnara ulio majini bila kujiuliza ni kwa nini picha hiyo haikatiki.

Mkiingia kwenye ukumbi wa mabalozi ndani ya mnara huo, inueni macho. Dari lake limeundwa kwa vipande 8,017 vya mbao vilivyopangwa kuwa nyota juu ya nyota, kuonyesha mbingu saba zinazotajwa katika Kurani. Kisha angalieni pembeni mwa milango, ambako kuna vidaka vidogo vya marumaru na lipu vilivyochongwa mashairi. Humo iliwekwa mitungi ya maji ya kunywa. Aliyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu na kuona vidaka vyake vya chokaa atajihisi hayuko ugenini. Kotekote ukutani mtasoma, kama mmojawenu anasoma Kiarabu, kaulimbiu ya ukoo huo: Wala ghaliba illa Llah, yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Imerudiwa mara nyingi mno hata jicho linaanza kuitafuta.

Ua wa Simba una nguzo nyembamba 124 na katikati chemchemi inayobebwa na simba 12 wa marumaru, waliorudishwa mahali pao mwaka 2012 baada ya matengenezo ya miaka mingi. Kwenye ukingo wa birika limechongwa shairi la Ibn Zamrak, aliyekuwa waziri na mshairi wa Muhammad wa Tano, ambamo anasema kwamba maji na marumaru vimefanana kiasi kwamba mtazamaji hajui ni kipi kati ya hivyo kinachotiririka. Msiondoke hapo bila kuingia chumba kiitwacho Dos Hermanas na kutazama kuba lake la mukarnas, maelfu ya vijichumba vidogo vya lipu vinavyoning'inia kama sega la nyuki. Mimi huketi pale mpaka shingo inaponilazimisha kuacha.

Maji yote hayo yanatoka mto Darro, yakichukuliwa kilomita kadhaa juu ya mji na kuletwa kwa mfereji wa kifalme mpaka kwenye bustani za Generalife, na ndiyo maana nasisitiza msizipite bustani hizo mbio mbio mkiwa mmechoka. Huko kuna ngazi ya maji, ambayo mikono yake ya kushikilia ina mifereji ndani yake, na maji yanashuka kando yenu mnapopanda chini ya kivuli cha miti. Kasri la Karolo wa Tano, mfalme wa Uhispania wa karne ya 16, lenye ua wa duara ndani ya jengo la mraba, mnaweza kuliingia bila tiketi siku yoyote. Ngome ya Alcazaba itawatosha kwa muda wa kupanda mnara wa Vela na kuutazama mji wote.

Kwa sisi tunaotoka pwani ya Afrika Mashariki kuna jambo moja ambalo waongozaji wa huko hawalisemi. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada mwaka 1350, wakati wa Yusuf wa Kwanza. Mfalme alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ingawa mama yake mfalme alimpelekea mgeni huyo dinari za dhahabu. Katika bustani moja ya mji huo alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kijana huyohuyo ndiye aliyekuja baadaye, huko Fez, kuyaandika masimulizi ya safari zake, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Maelezo ya misikiti ya mbao ya Mombasa na ya ukarimu wa Sultani al-Hassan bin Sulaiman wa Kilwa, ambayo sote tuliyasoma shuleni, yamepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Nilipolijua hilo, mji ule ulinikaribia zaidi.

Siku ya tatu iwe ya mji wa chini. Anzeni na Capilla Real, walikozikwa Isabella na Ferdinand, wafalme Wakristo walioupokea mji kutoka kwa Waislamu tarehe 2 Januari 1492. Juu kuna sanamu zao za marumaru, na chini ya ngazi fupi yanaonekana majeneza ya risasi yasiyo na pambo lolote. Tofauti hiyo inastahili dakika chache za kusimama. Mkivuka uchochoro, mko kwenye Madrasa iliyoanzishwa na Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, ambayo chumba chake cha sala na mihrabu vimesalia. Kanisa kuu lililo jirani, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1523, limesimama pembeni mwa mahali palipokuwa msikiti mkuu. Nawaomba pia mfike uwanja wa Bib-Rambla, wenye maua na mikahawa, mkijua kwamba kwa amri ya Askofu Mkuu Cisneros vitabu vingi vya Kiarabu vilichomwa moto katika mji huu, ingawa mkataba wa kujisalimisha ulikuwa umewahakikishia Waislamu dini yao. Wageni wengi hunywa kahawa hapo bila kuambiwa. Soko la Alcaicería lililo karibu lilijengwa upya baada ya kuungua mwaka 1843 na sasa ni la vitu vya watalii. Corral del Carbón, nyumba ya wafanyabiashara ya karne ya 14, ni ya kweli zaidi na kuingia ni bure.

Kuhusu chakula, Granada ni mojawapo ya miji michache ya Uhispania ambako ukiagiza kinywaji, hata maji au soda, mara nyingi huletewa tapa, yaani kitafunwa kidogo, bila kulipia zaidi. Kama hamli nguruwe, semeni mapema "sin cerdo", maana nyama yake iliyokaushwa huwekwa hata kwenye vyakula vya maharage. Migahawa ya halali na nyumba za chai za Kimoroko zimejaa mtaa wa Calderería Nueva. Jikoni hufunguliwa kwa chakula cha mchana kuanzia saa saba na nusu au saa nane, na cha usiku kuanzia saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo msiingie mgahawani saa moja jioni mkitegemea kulishwa.

Sacromonte, mtaa wa mapango wenye ngoma za flamenco, ni mzuri kwa matembezi ya mchana. Maonyesho ya usiku yametengenezwa kwa watalii, lakini kama shemeji anapenda muziki, mpeleke.

Umeuliza pia kama mkeo, mwenye maumivu ya magoti, ataweza. Ataweza, mkipanga vizuri. Kuna mabasi madogo mekundu, C30 na C32, yanayopanda Alhambra kutoka Plaza Isabel la Católica, na C31 inayopanda Albaicín, hivyo pandeni kwa basi na mshuke kwa miguu polepole, au mrudi kwa basi vilevile. Avae viatu vyenye soli laini isiyoteleza, kwa sababu mawe ya Albaicín huteleza hata yakiwa makavu. Chukueni koti pia: mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Oktoba ni za baridi ingawa mchana mtalivua. Hoteli itafuteni karibu na Plaza Nueva, ambako mabasi yote hayo yako jirani, wala msipange chumba ndani kabisa ya vichochoro vya Albaicín, maana teksi nyingi hazifiki mlangoni na mtalazimika kuburuta masanduku mlimani.