Laptopu yako, ufunguo anao nani?

Maswali yamerundikana, najibu manne ya sahihi za programu (alama ya kidijitali inayoonyesha nani kaitoa) na paswedi alafu nikale.

*Nimechomeka flashi ya Linux kwenye laptopu ya mtumba, inagoma, inaandika eti sahihi haijulikani. Ni virusi?*

Hapana ndugu, hiyo ni Secure Boot, ilienea na Windows 8 mwaka 2012. Mashine kabla haijawaka inaangalia programu ya kuwashia imesainiwa na ufunguo inaoujua ama vipi, na kwenye laptopu nyingi ufunguo wenyewe ni wa Microsoft. Ubuntu na Fedora zinapita kwa vile kijiprogramu chao cha mwanzo, shim, kimesainiwa na Microsoft hao hao, yaani unamkimbia mtu alafu unamwomba akufungulie geti. Kama yako ni Linux ya vijana wachache wasio na sahihi hiyo, ingia bayosi, yaani setingi za mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, uizime Secure Boot. Ila kama Windows yako ina BitLocker, ile kufuli ya mafaili ya diski, toa kwanza namba zake za kufungulia uziandike pembeni, usije ukanililia.

*Sasa nikizima si najiweka uchi?*

Kidogo, tusidanganyane. Virusi vinavyowaka kabla ya Windows vipo kweli, lakini kirusi kimoja, BlackLotus, mwaka 2023 kilipita hata kwenye mashine zenye Secure Boot imewashwa. Mi sahihi sina ugomvi nazo, swali langu ni nani kashika ufunguo. Enzi za Windows 8, kwenye kompyuta za Intel na AMD Microsoft ilitaka mwenye mashine aweze kuizima na hata kuweka funguo zake, sawa kabisa, ila kwenye zile zenye chipu za ARM, aina ya chipu za simu, ikawa marufuku kuzima. Ilivyokuja Windows 10 mwaka 2015 hata kwenye Intel ikaachiwa kampuni iamue yenyewe kama itakuwekea hiyo swichi ama la. Kampuni nyingi bado zinaiweka, lakini ni kwa hisani yao tu.

*Mac inakataa programu aliyoniandikia mshkaji wangu.*

Tangu Catalina, toleo la mfumo wa Mac la 2019, Apple wanataka programu za nje ya duka lao zipite kwao zikaguliwe, na mtengenezaji alipe dola 99 kwa mwaka, sasa dogo anayegawa kazi yake bure atoe wapi? Zamani ulikuwa unabofya kulia unafungua yameisha, Sequoia ya 2024 ikaondoa hiyo, sasa mpaka uingie setingi za faragha na usalama ushuke chini kabisa ndo ukute kitufe. Kipo lakini, kitafute.

*Bayosi yenyewe ina paswedi, muuzaji haijui.*

Hapo pole. Ilikuwa ya ofisi fulani, wakaiuza bila kuitoa, na laptopu nyingi za kiofisi kuchomoa betri ya bayosi hakusaidii kitu. Irudishe kama risiti unayo. Siku nyingine iwashe pale pale dukani, gonga F2 au F10, uone inaingia, ndo utoe hela.