Maswali na majibu: Wakili wa mtoto ni wa nani?

Mwanangu ana miaka 14. Amekamatwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanadai ameiba gunia la dagaa. Mimi naona akiri tu, apewe onyo, yaishe. Sasa wakili amenitoa nje aongee naye peke yake. Si mimi ninayemlipa? – Mama, Igoma

Pole, mama. Unayelipa ni wewe, mteja ni mtoto. Mbele ya mama yake mtoto hasemi yote, hasa kama gunia lile alitumwa na mtu anayemheshimu. Wakili anataka kujua: nani alimtuma? Alijua ni la wizi? Alipigwa kituoni? Maelezo yaliyoandikwa na polisi alisomewa kabla ya kuweka dole gumba? Atakayoambiwa ni siri, hata kwako.

Hilo la "kiri yaishe" ndilo ushauri mbaya kuliko wote ninaousikia. Haliishi hapo, linaanzia hapo. Akikiri, upande wa mashtaka hauna tena haja ya kuleta shahidi. Aamue mwenyewe akishaeleweshwa, na kama anaelewa zaidi Kisukuma, aelezwe kwa Kisukuma. Wewe usikose mahakamani: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mzazi au mlezi awepo, na ofisa ustawi wa jamii pia.

Mdogo wangu wa miaka 16 ameshikwa na watu wazima wakivua kwa kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Wamewekwa mahabusu moja. Atafungwa nao? – Kaka, Nansio

Kwanza atoke humo. Sheria hairuhusu mtoto kuchanganywa na watu wazima. Nenda leo kwa mkuu wa kituo na cheti cha kuzaliwa, ukikosa, kadi ya kliniki au barua ya shule. Kijana aliyekulia kwenye kuvuta nyavu ana mabega ya mtu mzima, na umri mara nyingi huandikwa kwa kukadiria. Mwombee na dhamana hapo hapo.

 Mahakama yoyote isikilize kesi yake, kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinamlinda: mtoto hahukumiwi kwenda jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti au kupelekwa shule ya maadilisho, yaani shule ya kurekebisha watoto waliovunja sheria.

Jambo moja zaidi, kaka. Mwenye mtumbwi akijitolea kuwawekea wote wakili mmoja, mshukuru, kisha kataa. Siku ya utetezi anaweza kusema kokoro ni la huyo kijana, na wakili yule atamtetea nani?

Mjukuu wangu ana kesi, nami sina hata nauli. – Bibi, Misungwi

Shikamoo, bibi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu apate wakili bure. Mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na siku ya kesi mwambieni hakimu kwamba mtoto hana wakili. Msaidizi wa kisheria, ambaye si wakili, atakuelekeza na kukuandikia barua, ila kusimama mahakamani hawezi. Akikudai hela ya kusimama, ondoka. Kama ni kesi ya mauaji, Mahakama Kuu humpangia wakili.

Mwanafunzi wangu wa miaka 9 amevunja kioo cha gari kwa jiwe, mwenye gari anataka ashtakiwe. – Mwalimu, Nyegezi

Hashtakiki. Chini ya miaka 10 hakuna jinai. Kuanzia 10 mpaka kabla ya 12, lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kufanya alichofanya. Habari ya kioo wakae wazazi na mwenye gari.