Bustani ya Maua Minnesota: Ushauri kwa Waliohamia Kutoka Afrika Mashariki

Mtu aliyelelewa Tanga, Mombasa au Bukoba huzoea kupanda maua kwa kufuata mvua: masika yakikaribia huchomeka pingili za bogenvilia, huatika asmini karibu na dirisha, na kiangazi kikifika kazi kubwa inayobaki ni kumwagilia. Akihamia Minneapolis au St. Paul, ambako wengi wetu tumeweka makazi, maarifa hayo hayapotei, lakini kalenda yake hubadilika. Hapa kinachoamua ni joto la usiku na joto la udongo, na karibu kila neno la ushauri nililo nalo kwa mgeni linatokana na hilo.

Jambo la kwanza ni kujua kanda unayoishi. Wizara ya Kilimo ya Marekani huchapisha ramani inayoigawa nchi katika kanda 13 kwa kutazama wastani wa kiwango cha chini kabisa cha joto cha kila mwaka, na toleo la mwaka 2023 lilitumia takwimu za miaka 1991 hadi 2020. Katika toleo hilo sehemu kubwa ya miji hii miwili imo kanda 5a, yaani usiku wa baridi kali kuliko zote kwa wastani hufikia kati ya nyuzi 26 na 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Namba ya kanda huandikwa kwenye kibandiko cha mche dukani, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mche unavyostahimili baridi kali zaidi. Ukiona 7 au 8, hesabu mche huo kuwa wa msimu mmoja, hata muuzaji akiusifu vipi. Mimi hupendelea miche ya kanda 4, kwa kuwa ramani hutoa wastani tu, na mwaka mmoja wa baridi iliyozidi wastani hutosha kuua ulichokitunza kwa miaka.

Ramani haisemi upande lini. Waliotoka Limuru au Njombe wanaijua jalidi, yaani umande unaoganda usiku wa baridi kali, lakini kule huja usiku mmoja mmoja na jua la asubuhi huiondoa. Hapa jalidi ndiyo inayofungua na kufunga msimu. Katika miji hii jalidi ya mwisho kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, nayo ya kwanza hurudi karibu na Oktoba. Aprili huwa na siku chache za joto zinazowavuta wageni madukani, ilhali miche laini kama zinia, kosmosi na petunia haifai kutolewa nje kabla ya katikati ya Mei. Wanaopenda kuatika mbegu wenyewe huzianzisha ndani wiki 4 hadi 8 kabla ya tarehe hiyo, kutegemea aina ya ua, kisha huizoesha miche hali ya nje kwa muda wa siku 7 hadi 10, kwanza kivulini kwa saa chache, halafu juani. Ukipita hapo, hutalalamika kuhusu ufupi wa msimu: mwishoni mwa Juni mchana hapa huzidi saa 15, na maua hukua kwa kasi ambayo mtu wa ikweta hakuizoea.

Kazi yenye faida kubwa, hata hivyo, hufanyika wakati majani yanapopukutika, na hapo ndipo wageni wengi huweka jembe chini. Tulipu na dafodili hupandwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba, udongo ukishapoa, kwa sababu tunguu lake, yaani shina nene la chini ya ardhi mfano wa kitunguu, ambalo ndilo hupandwa, huhitaji baridi ya miezi mitatu hadi minne ndipo litoe ua zuri. Ndiyo maana tulipu hazistawi pwani kwetu. Zifukie sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, mahali pasipotuama maji. Kindi hufukua tulipu na kuzila, lakini dafodili huziacha kwa kuwa zina sumu, kwa hiyo asiyetaka vita na kindi ana jibu lake tayari. Peoni nayo hupandwa majira hayo hayo, na ikikaa vizuri humzidi umri aliyeipanda. Sharti lake ni kwamba vichipukizi vya shina visifunikwe kwa zaidi ya sentimita 5 za udongo, la sivyo utapata majani mengi bila ua hata moja.

Dalia hufuata njia nyingine. Viazi vyake havistahimili kuganda, hivyo subiri jalidi ya kwanza iyafanye majani kuwa meusi, kata mabua, chimbua, kausha kidogo, kisha hifadhi katika maranda mahali penye nyuzi 4 hadi 10. Chumba cha chini ya nyumba kisichopashwa moto hufaa sana.

Matandazo ya majani makavu yawekwe baada ya ardhi kuganda, si kabla. Shabaha yake ni kuzuia udongo usiyeyuke na kuganda tena na tena, hali inayosukuma mizizi juu na kuianika kwenye upepo mkavu. Theluji yenyewe ni blanketi la mimea. Usiiondoe juu ya tuta, ila usirundike hapo ile iliyokwanguliwa barabarani, kwa kuwa ina chumvi. Mimea ya kudumu iliyo kwenye vyungu vya nje hufa kwa urahisi zaidi, maana baridi huipata mizizi kutoka kila upande.

Asmini na bogenvilia hufaa kukaa kwenye vyungu vinavyobebeka. Ziingize ndani usiku unaposhuka hadi nyuzi 10, baada ya kukagua upande wa chini wa majani, kwani utitiri huzaliana upesi katika hewa kavu ya nyumba yenye hita. Dirisha la kusini ndilo lenye mwanga wa kutosha. Bogenvilia huenda ikaangusha majani yote kufikia Desemba, na hiyo si dalili ya kifo: punguza maji, usiweke mbolea, pogoa mwezi Machi, na mwishoni mwa Mei itoe nje polepole, kwa kuwa majani yaliyochipua ndani huungua yakikutana ghafla na jua kali.