Mbwa aliyedhoofu: chakula kidogo kidogo, na kwanza umwache apumue

Mkuu, umesema jirani yako hapo Mwanga, Kigoma, kahama kaacha mbwa, wewe ukamchukua. Ni mrefu, mkondefu, anameza kila unachompa kisha anatapika, na mchana kutwa kajibanza nyuma ya pipa. Unauliza umpe nini anenepe haraka. Mimi niko Ujiji, nina dume niliyemtoa Kibirizi akiwa mifupa mitupu, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Haraka hiyo iache. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umezoea kujila wenyewe, mafuta kwanza, kisha nyama. Ukimjazia ghafla sahani ya ugali, wanga unaingia kwa wingi, na mwili unavuta madini ya fosforasi na potasiamu kutoka kwenye damu kwa pupa. Damu ikipungukiwa madini hayo, moyo unayumba, na mbwa anaweza kufa huku tumbo limejaa. Wa kwako pengine hajafika huko, ila kutapika kwake kunakwambia tumbo limezidiwa.

Siku za mwanzo mpe kiasi cha kiganja, mara nne kwa siku. Nyama au samaki awe mwingi, wali au ugali uwe kidogo. Yai la kuchemsha ni zuri sana. Kinyesi kikishika umbo, ongeza taratibu, na baada ya wiki moja au siku kumi unaweza kumrudisha kwenye milo miwili, asubuhi na jioni.

Sisi wa Kigoma dagaa hawatusumbui. Lakini wale waliokaushwa chini wana mchanga, kwa hiyo waoshe maji mengi, na wa chumvi waloweke, umwage maji, ndipo uchemshe. Mzima mzima anawala bila shida. Vichwa vya migebuka, wale samaki wa ziwa letu, ni kitu kingine: chemsha mpaka vilainike, ponda, toa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vipande vikali. Vitunguu navyo usitie, vinaharibu damu ya mbwa, na ndiyo maana mabaki ya mchuzi wetu si chakula chake. Mawese acha kwanza; tumbo bovu na mafuta mengi utafagia uani usiku kucha.

Halafu kuna huu mtindo wa kununua unga uliovunda kwa bei ya kutupa, "si wa mbwa tu". Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na ini la mbwa halistahimili. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, sembuse mbwa aliyechoka. Unga usioula wewe, naye asiule. Pumba tupu pia inamjaza tumbo bila kumjenga.

Kuhusu unene, usitake awe pipa. Kuna mbwa wa mbio wa Ulaya, greyhound, ambao hata wakiwa na afya njema mbavu za mwisho zinaonekana. Wa kwetu wengi nao ni wembamba wa asili. Mpapase: mbavu uzisikie chini ya ngozi, lakini mifupa ya nyonga na uti wa mgongo isichomoze kama vigingi.

Sasa huko nyuma ya pipa. Mwache. Mtandikie gunia kavu palepale kivulini, maji safi karibu, chakula kiletwe na mtu yuleyule saa zilezile. Usimwinamie wala usimkazie macho. Kaa ubavu ubavu, dondosha kipande cha dagaa, endelea na shughuli zako. Atakuja mwenyewe. Watoto wasimsogelee akila, maana aliyelala njaa hulinda bakuli. Geti lifungwe wiki hizo za mwanzo, la sivyo atarudi kumngoja bwana wake wa zamani kwenye nyumba tupu. Kuku awaone kwanza akiwa kwenye kamba.

Majirani je? Kwetu Ujiji mbwa hawezi kuzurura kwenye njia ya watu waendao alfajiri msikitini na udhu wao. Wangu ana bakuli lake pekee, na kwa sisi wa Shafii chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ukimweka hivyo hakuna atakayekugombeza.

Kupe watoe masikioni na katikati ya vidole. Usimpake oili chafu wala mafuta ya taa, anailamba sumu hiyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usijipimie mwenyewe. Muulize afisa mifugo, na hapohapo apewe dawa ya minyoo.

Chanjo ya kichaa ndiyo ya kwanza kabisa, hata kabla hajanenepa, afisa mifugo akiona hali yake inaruhusu. Hujui aling'atwa na nani huko nyuma, na ugonjwa huo hukaa mwilini wiki hata miezi kabla ya kujitokeza, kwa hiyo chanjo ya leo isikutoe wasiwasi wote. Akibadilika sauti, akitokwa udenda, akiyumba au akianza kuuma hovyo, jitenge naye na umwite afisa. Aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Na hilo la kutapika: likiendelea hata kwa hicho kiganja kimoja, au ukiona damu, usingoje wiki iishe. Mpeleke kwa afisa mifugo kesho.