Ujerumani: Sperrkonto ipo, ila wiki tano za mwanzo utakula hela ya mfukoni

Mdogo wangu, umeuliza kama zile euro 11,904 za Sperrkonto (akaunti ya benki ambayo mwanafunzi mgeni anaweka hela ya mwaka, kisha anapewa kidogo kidogo kila mwezi) zitakutosha mwaka mzima wa masters Ujerumani, na ukifika uanzie ofisi gani. Naanza na hilo la ofisi, maana ndilo lililonitoa jasho.

Niliondoka Dar mwishoni mwa Septemba 2023 kwenda Leipzig. Enzi hizo kiwango kilikuwa 11,208, yaani 934 kwa mwezi. Sasa ni 992. Nilijua nikitua tu naikuta hela ya mwezi wa kwanza inanisubiri. Wapi! Hela ni yako lakini imefungwa, na haianzi kutoka mpaka uwape namba ya akaunti ya kawaida iliyo kwa jina lako. Benki niliyokwenda wakasema lete karatasi ya Anmeldung, yaani uthibitisho kwamba umejiandikisha unapoishi. Ofisi ya kujiandikisha nao wakataka barua ya mwenye nyumba, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung (ukiweza kuitamka umeshamaliza nusu ya masters). Na mwenye nyumba wangu hakutaka kuandika neno kabla hajaiona dhamana ya chumba. Kwa hiyo ili nipate hela, kwanza nilitakiwa niwe na hela.

Anmeldung ichukulie kama barua ya serikali ya mtaa: huna hiyo, hakuna mlango unaofunguka. Tofauti ni kwamba kule humgongei mwenyekiti jioni ukamwachia ya soda. Unaomba miadi mtandaoni. Sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na miadi niliyoipata ilikuwa ya wiki tatu mbele. Nilikosa usingizi bure. Tunza tu uthibitisho kwamba uliomba ndani ya muda. Halafu fungua tovuti yao kila siku saa moja asubuhi, kuna watu huahirisha na nafasi zao zinarudi. Mimi niliokoa siku tisa hivyo hivyo.

Jumla nilikaa wiki tano kabla ya 934 ya kwanza kuingia. Nilikuwa na euro 1,100 mkononi, na 500 kati ya hizo zikaenda kwenye dhamana siku ya pili. Hapa nilijiumiza mwenyewe. Kule hakuna mambo ya kulipa miezi sita mbele kama Sinza, ila dhamana inaweza kufika kodi tupu ya chumba ya miezi mitatu, na sheria yao inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Sikujua, nikatoa yote kwa mkupuo, wiki iliyofuata nikawa nakula tambi na vitunguu. Ukisoma tangazo la chumba angalia pia kama bei ni Kaltmiete au Warmmiete. Ya kwanza ni kodi peke yake, ya pili ina maji na joto ndani, na umeme mara nyingi bado uko pembeni.

Sasa sikiliza hili, wengi wanalipuuza: JINA LAKO LIWE KWENYE SANDUKU LA BARUA. Nilipanga na vijana wawili, na sandukuni palikuwa na majina yao tu. Mimi nasubiri barua ya ofisi ya wageni kuhusu kibali cha kuishi, haiji. Nasubiri namba ya mlipa kodi wa serikali ili nianze kibarua, haiji. Mzee wa ghorofa ya chini, ambaye hata salamu alikuwa anaitikia kwa shida, akanionyesha kile kibao kidogo kwa kidole: wewe uko wapi hapa? Kumbe tarishi asipokuta jina anairudisha barua ilikotoka, hana habari kwamba unalala humo. Miadi yangu ya ofisi ya wageni ilishapita siku nne. Niliandika jina kwenye kipande cha boksi la maziwa, nikabandika na selotepu, barua zikaanza kumiminika. Kilichoniokoa ni kwamba maombi ya kibali nilikuwa nimeyatuma kabla ya viza kuisha. Ukiwahi hivyo, unahesabika uko kihalali mpaka watoe uamuzi.

Barua mojawapo itakuwa ya Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni, 18.36 kwa mwezi. Nilidhani ni matapeli kwa sababu hata televisheni sina. Si matapeli. Inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watatu ni 6.12 kila mmoja. Ukiikalia kimya deni linakua nyuma yako.

Haya, sasa swali la hela kutosha. Mwezi wangu wa kawaida ulikuwa hivi: chumba 320, bima ya afya kama 122 (siku hizi ni kama 145 au zaidi), chakula 180, simu 10, mchango wa muhula wa chuo niliugawa nikawa naweka 42 kila mwezi, na ile 6 ya redio. Hiyo ni 680. Kwenye ile 934 zinabaki 254, na hapo ndipo penye maneno. Nusu ya Sperrkonto yangu ilikuwa mkopo wa kikoba cha mama, na marejesho hayajui kama huku kuna theluji. Juu yake kuna ndugu wanaojua uko Ulaya basi umeshaokota. Niliwatajia nyumbani kiasi kimoja cha kila mwezi, nikagoma kuongeza, nikaitwa mchoyo miezi mitatu, wakazoea. Kibarua kipo, mwanafunzi anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, ila muhula wa kwanza usikitegemee.

Kwa hiyo 992 inatosha kama chumba hakizidi 350 au 400. Mji wa München (Munich) na hela hiyo sikushauri. Na nje ya Sperrkonto beba walau 1,500 za kuanzia, hata kama itabidi usubiri muhula mwingine uzitafute.

Umepata mji gani, na miaka 30 umeshafikisha? Ukishaifikisha ile bei ya bima ya wanafunzi huipati, na hesabu yote hapo juu inabadilika.