Mwanangu, kuhusu zile pasti pepa

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikairudia asubuhi. Unasema STEP, ule mtihani wa hesabu wa kuingilia chuo, ni mwezi wa sita, Chuo cha Cambridge wanataka pepa ya 2 na ya 3, na pasti pepa, yaani mitihani ya miaka ya nyuma, zipo za tangu 1987, sasa ufanye ngapi? Mimi nataka kujua kwanza ukikwama unafanyaje, unakaa na swali au unakimbilia majibu? Maana nishakwambia tangu uko darasa la tano, swali moja ulilolimaliza mwenyewe linazidi kumi uliyochungulia.

Ule mtihani wangu wa kuingilia chuo unaujua, ila kilichotokea mle ndani sijawahi kukusimulia chote. Swali lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza onyesha kwamba intigrali (yaani lile eneo chini ya grafu) ya f(x) kutoka 0 mpaka a ni sawa na ya f(a − x). Hiyo mistari miwili tu, nikamaliza. Halafu wakasema "kwa hiyo tafuta" intigrali ya sin x gawanya kwa (sin x + cos x), kutoka 0 mpaka π/2. Mimi hilo "kwa hiyo" nikalipita kama silioni, nikaweka t = tan(x/2), ile njia ndefu, nikajaza kurasa tatu, dakika arobaini zikaisha na jibu sina. Nikiwa kwenye basi narudi, kichwa kwenye dirisha, ndo likanijia. Badilisha x kuwa π/2 − x, juu inakuwa cos x, chini hakibadiliki, jumlisha zote mbili unabaki na intigrali ya 1, yaani π/2, gawa kwa mbili, π/4. Nililia mwanangu, watu wananiangalia. Bibi yako aliponiuliza mtihani ulikuwaje nikamwambia mzuri, na mpaka leo nikiona π/4 mahali kifua kinabana.

Kwa hiyo nikisema kaa na swali naona kama najipinga mwenyewe, maana shida yangu siku ile ilikuwa hiyohiyo ya kung'ang'ania. Na huko kwenu kila pepa ni ya masaa matatu, maswali 12, wanahesabu 6 uliyofanya vizuri zaidi, kila moja alama 20, ni kama nusu saa kwa swali na kalkuleta hairuhusiwi. Lazima ujue kuacha. Lakini mimi naona mtu anajifunza kuacha kwa kukaa nyumbani muda mrefu na maswali magumu bila saa, mpaka anajua mwenyewe hapa njia ipo na hapa nazunguka tu. Saa uiweke wiki za mwisho. Au labda mapema kidogo, sijui, kaka yako aliweka saa tangu siku ya kwanza akapita vizuri tu, ila kaka yako unamjua, yeye hata kula anakula kwa kukimbizana.

Idadi ulitaka na mimi namba ninayo, iko hapa kwenye ulimi, ila nikiiandika utaanza kuhesabu pepa badala ya kusoma swali. Basi siandiki. Swahiba wangu, lile swali ulilosema limekushinda juzi nitumie lote, sehemu ya kwanza na ya pili, na usinitumie majibu yake, nataka nikae nalo leo usiku.

Mama yako